Ukuta Mfupi wa Bustani na Adui Wake Maji

Watu wengi hudhani ya kuwa ukuta wa futi tatu ni kazi ya mchezo, ambayo kila mwenye mwiko na karai aweza kuimaliza Jumamosi moja. Nami nilidhani hivyo nilipojenga ukuta wa kuzuia udongo wa bustani yangu, katika mteremko wa Kiambu. Mwezi wa Machi niliona ufa mdogo, nikaupuuza. Usiku mmoja wa Aprili ukuta ulianguka, na mawe yakajaa katika njia wanayopita watoto asubuhi kwenda shule. Namshukuru Mungu kuwa ulianguka usiku.

Jirani yangu, mwashi wa siku nyingi, alikuja kuutazama. Nikamwambia, “Mzee, mvua imeniharibia kazi.” Akajibu, “La, mwanangu. Mvua haina kosa. Wewe uliyafungia maji nyuma ya ukuta, wala hukuyapa mlango.”

Tulijenga upya, na mambo aliyonifundisha ni haya.

Kwanza, msingi. Chimba mpaka uufikie udongo mgumu, si chini ya futi moja na nusu, na upana wake uwe mara mbili ya unene wa ukuta. Penye udongo mweusi, kama ule wa nyanda za Athi, yafaa kuchimba zaidi, kwa maana udongo huo huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, na ukuta hupasuka pamoja nao.

Pili, changanya debe moja la saruji kwa madebe manne ya mchanga safi. Lowesha mawe kabla ya kuyapanga, na viungo vya mstari mmoja visilingane na vya mstari ulio chini yake. Uzi na timazi visikutoke mkononi.

Tatu, uache vitundu chini ya ukuta, kila baada ya futi nne, na nyuma yake ujaze kokoto kabla ya kurudisha udongo. Huo ndio mlango wa maji.

Nne, uuvike ukuta kofia ya mawe bapa yenye mteremko kidogo, yatokeze inchi mbili kila upande, ili matone yaanguke mbali na ukuta.

Mwisho, ufunike kazi yako kwa magunia yenye maji muda wa siku saba. Saruji hupata nguvu kwa unyevu, si kwa kukaushwa na jua.

Ikiwa ukuta wa kuzuia udongo utapita futi tatu, usijaribu peke yako, mwite fundi.

Tangu hapo masika mawili yamepita. Kila mvua ikinyesha, naona maji yakitoka vitunduni, nao ukuta umesimama. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliusikia mwito huo tangu utoto, lakini niliuelewa siku ile nilipokuwa nikiokota mawe njiani.