Je, Wajua? Gesi Isiyobisha Hodi

Je, wajua kwamba mwaka 1984 injinia mmoja wa kinu cha nyuklia cha Limerick, huko Pennsylvania, Marekani, alipigiwa king'ora cha mionzi akiwa anaingia kazini? Ndiyo, anaingia, hatoki! Kinu chenyewe kilikuwa hakijaanza kufua umeme.

Unajua mionzi aliitoa wapi? Nyumbani kwake! Hewa ya nyumba ile, karibu na mji wa Boyertown, ilijaa radoni, gesi ya mionzi itokayo ardhini. Kipimo kilisoma pikokyuri 2,700 kwa lita, wakati serikali ya Marekani inasema ukifika 4 tu, ita fundi.

Hiyo 4 unaiona ndogo? Chukua chupa tupu ya lita moja. Humo ndani atomi 9 hivi za radoni zinapasuka kila dakika. Kwa yule injinia zilikuwa karibu 6,000!

Je, wajua kwamba radoni haina rangi, harufu wala ladha? Unaweza kulala nayo chumba kimoja miaka 20 usiijue.

Ni nzito kuliko hewa zaidi ya mara 7, na bado hupanda hadi sebuleni! Siku za baridi nyumba yenye joto hufanya kazi kama mrija: hewa ya moto hutokea juu, na ile ya udongoni hufyonzwa kupitia nyufa za sakafu.

Ukiifungia radoni kwenye chupa, baada ya siku 3.8 nusu yake imeshatoweka. Usishangilie mapema. Urani iliyomo kwenye udongo na mawe haichoki kuzaa nyingine.

Keti vizuri kwa hili: nchini Marekani radoni hukadiriwa kuua watu 21,000 kila mwaka kwa saratani ya mapafu. Inatanguliwa na sigara tu.

Na zikikutana? Kati ya watu 1,000 wasiovuta sigara, wakiishi maisha yao yote kwenye ile 4, takriban 7 hupata saratani hiyo. Wakiwa wavutaji, ni 62!

Je, wajua kwamba jimbo la Iowa lina wilaya 99, na zote 99 zimo kwenye kundi la hatari kubwa zaidi katika ramani ya radoni? Una ndugu aliyehamia huko? Mpigie leo umuulize, "Mmeshapima?"

Kupima kwenyewe ni kama mchezo. Funga madirisha saa 12 kabla, kisha weka kikopo cha mkaa kwenye ghorofa ya chini kabisa mnayoishi, mbali na jiko na bafu. Siku 2 hadi 7, unakituma maabara.

Kipo na kipimo cha kipande cha plastiki! Kwa miezi 3 au zaidi mionzi hukichanja vijikovu, na maabara huvihesabu kwa hadubini.

Jirani yako kapata 1? Hongera zake. Nyumba zilizopakana huweza kupishana vibaya sana, kwa hiyo pima yako.

Na dawa yake? Bomba chini ya sakafu na feni ya kuitoa gesi juu ya paa! Radoni huweza kupungua hata kwa asilimia 99. Mwaka 1985 familia ya yule injinia ilirudi kuishi kwenye nyumba ileile.