Laini Ngapi Zinatosha Ofisi Moja?

Kampuni inapohama katikati ya jiji la Nairobi kwenda Westlands au Kilimani, suala la laini za simu huachwa hadi mwisho, kisha huamuliwa kwa idadi ya wafanyakazi. Watu 20, laini 10, basi. Kipimo hicho kinawagharimu wengi, kwani kinachojaza laini ni dakika ambazo wapigaji huzishikilia katika ile saa ambayo simu hazipumziki.

Hesabu yake ilichapishwa 1917 na Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa kampuni ya simu ya Copenhagen. Tuseme kliniki ya meno Lavington hupokea simu 60 Jumatatu kati ya saa tatu na saa nne asubuhi, kila moja ya dakika 3. Jumla ni dakika 180, sawa na laini 3 zikitumika saa nzima bila kupoa. Mwenye kliniki akinunua laini 3, takriban simu 35 katika kila 100 zitakuta zote ziko bize, maana wagonjwa hawapigi kwa zamu. Kwa laini 5, zitakazokwama ni 11. Laini 8 ndizo zinazoshusha idadi hiyo chini ya 1. Na hapo Erlang amechukulia kwamba aliyekosa laini anakata tamaa. Mgonjwa mwenye jino linalouma hupiga tena papo hapo, na msongamano unazidi.

Hizo dakika 3 nazo zipimwe kwa haki. Mhudumu wa mapokezi akisema "subiri kidogo nikuunganishe" na muziki ukaanza, laini bado imeshikwa.

Enzi za Shirika la Posta na Simu, lililogawanywa 1999, ofisi iliridhika na laini ilizopewa. Tangu mikongo ya chini ya bahari ilipofika Mombasa 2009 na faiba kusambaa mitaani, simu za ofisi zinaweza kupita kwenye intaneti, na kuongeza laini hakuhitaji tena kuchimba barabara. Simu moja isiyobanwa hutumia takriban kilobiti 90 kwa sekunde kila upande, kiasi kidogo mno kwa faiba ya leo.

Faida kubwa, ambayo naona wengi wanaipuuza, ni kuunganisha matawi. Ofisi ya Kimathi Street na ya Westlands, kila moja ikiwa na simu nyingi kama za ile kliniki, zitahitaji laini 8 kila moja, jumla 16. Zikichangia kapu moja, 13 zinatosha kwa huduma ileile, na ada ya laini 3 inaokolewa kila mwezi. Hatari ni kwamba kiungo kimoja kikikatika, ofisi zote mbili zinanyamaza. Kwa hiyo sehemu ya akiba hiyo ilipie njia ya pili, kwa mtoa huduma mwingine.

Kabla ya kutia saini mkataba, omba rekodi za simu za wiki mbili, zikiwemo zilizokataliwa.