Ushonaji wa Kofia za Mkono na Barza ya Akina Mama wa Lemara

Kila Ijumaa twaziona kofia msikitini safu kwa safu, nyeupe, na za rangi ya maziwa, na nyingine zenye nakshi za kahawia. Na ni wachache kati yetu waliopata kujiuliza ni vidole vya nani vilivyozitoboa. Nasi tulikuwa miongoni mwa wasiouliza, ingawa tumevaa kofia tangu tulipoingizwa chuoni, na sasa umri wetu umepindukia miaka hamsini. Tulipofahamishwa, tulifahamishwa kwa njia isiyotupa sifa, na hiyo ndiyo tuliyokusudia kuwasimulia wasomaji wetu.

Hapa Lemara, katika mji wa Arusha, pana ua mmoja ambamo akina mama hukusanyika baada ya sala ya Alasiri, kila mmoja na kikapu chake. Asili zao ni mbalimbali, kama zilivyo asili za Waislamu wengi wa mji huu: wako waliotoka Kondoa, wako wa Tanga, na Bi Mkubwa wao alijifunza kushona kwao Pemba kabla hajaolewa huku bara. Wengine hushona kofia. Wengine hufuma vitambaa vya meza na vya makochi kwa sindano yenye kulabu, na miezi ya Juni na Julai, ukungu wa Mlima Meru ushukapo na vidole vikafa ganzi, hufuma masweta ya watoto. Hawana chama wala daftari. Anayejua humfundisha asiyejua, na anayekwisha uzi huazimwa.

Sisi tulilidharau jambo hili. Tuliona ni mahali pa kupitisha saa na kusengenya watu. Wasichana wawili watatu wa madrasa yetu walipoanza kuja na vikapu, wakishona huku wakingoja zamu ya kusomeshwa, tulikataza. Mmoja wao, binti wa miaka kumi na mitatu, alirudia. Tukamnyang'anya kikapu na kukiweka juu ya kabati, tukamwambia atakipata mwisho wa mwezi.

Basi ilinyesha mvua ya masika usiku kucha, na bati la madrasa lilikuwa na tundu tusiyoijua. Tulipokishusha kikapu, kofia iliyokuwamo, ambayo ilibakia duara la juu tu kwisha, ilikuwa imelowa maji yenye kutu. Binti aliitazama, akaikunja, akasema, "Haidhuru, Maalim." Kesho yake hakuja, wala mtondo.

Tulikwenda kwao. Mama yake alitupokea kwa heshima, akatukaribisha kiti, kisha akatueleza kwa sauti ya chini kwamba kofia ile ilikuwa ya miezi miwili, na kwamba binti alikuwa akikusudia kwa fedha zake kumnunulia mdogo wake sare ya shule. Msahafu anaosomea kwetu pia aliununua kwa kofia. Hatukuwa na la kusema. Mwenye kuchukua mali ya mwingine ikaharibika mikononi mwake, akiwa hakukabidhiwa bali ameitwaa mwenyewe, analo deni. Mas'ala haya tumeyasomesha miaka mingi.

Ili tujue kiasi cha deni, tulikwenda kwa Bi Mkubwa. Akatuambia tukae kwanza tutazame, ndipo tuulize bei.

Kitambaa cheupe huwekwa tabaka mbili, moja juu ya nyingine, hupigwa bandi ili zisihame, na nakshi huchorwa kwa kalamu ya risasi. Kofia ni vipande viwili: ukuta wa kuzunguka kichwa na duara la juu. Kisha huanza kutoboa. Hawakati kitambaa kwa mkasi. Hukitoboa kwa mwiba au kwa sindano nene, nyuzi zake zikasogea pembeni, kisha ukingo wa tundu huzungushiwa uzi, mshono kwa mshono, hata tundu ikasimama mviringo na ngumu kama pete ndogo. Tundu zikikaribiana huwa ua, na maua yakifuatana huwa nakshi. Upepo hupita humo kichwa kikapoa. Ikiisha kuunganishwa, hufuliwa, hutiwa wanga na kukaushwa juu ya bakuli lililofudikizwa. Tulijaribu kuhesabu tundu za robo ya ukuta, tukafika mia moja na zaidi, macho yakatushinda. Tukapewa sindano tushone tundu moja. Ilitoka pembe tatu, na akina mama wakacheka kwa adabu.

Waswahili wa zamani waliliita neno kimia kwa wavu wa mvuvi, na kwa kitambaa cha vitundu pia. Na kwa hakika kazi ni moja, kuizungushia nafasi tupu uzi mpaka ikapata umbo. Hata visiwani Kroatia, katika mji wa Hvar, watawa wa Kikristo hufuma kimia kwa nyuzi wanazozitoa katika majani ya mmea wa jamii moja na mkonge wetu, na UNESCO iliiandika kazi ya kimia ya nchi hiyo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2009. Nasi tunao mkonge tangu mwaka 1893, tukauonea kamba na magunia tu! Kofia zetu nazo zimesafiri. Watu wengi wenye asili ya Oman waliohama Unguja na Pemba baada ya Mapinduzi ya 1964, na kufika Oman hasa tangu 1970, walikwenda na sindano zao, na kofia ya huko iitwayo kumma ni ndugu wa kofia yetu.

Tukiwa tumekaa pale, ilitujia aya ya Suratu Saba, ya 11, ambamo Nabii Daudi (A.S.) anaamrishwa atengeneze deraya na apime sawasawa zile pete zinazoungana. Tumeisoma tangu utotoni, wala hatukupata kufikiri kwamba Mtume wa Mwenyezi Mungu aliamrishwa kupima vipete. Na imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) aliwaambia wakeze kuwa wa kwanza kumfuata ni mwenye mkono mrefu, wakawa wakipimana mikono, kumbe ni Bibi Zainab binti Jahshi, aliyekuwa akifanya kazi kwa mkono wake na kutoa sadaka.

Mmoja wa akina mama alituuliza juu ya hariri, kwani kofia nyeupe ya kazi nyingi iitwayo bulibuli yaweza kushonwa kwa uzi wa hariri. Tulimjibu kwamba hariri imeharimishwa kwa wanaume, na ruhusa iliyopokewa ni ya kiasi cha vidole viwili, vitatu au vinne. Kofia nzima yahitaji mwanachuoni aitazame. Lakini pamba haina shaka. Akasema, "Basi Maalim, tangu mwanzo sisi twashona kwa pamba, nilitaka kuona kama utajibu."

Sasa bei. Mchuuzi huja uani na kununua kofia kwa fedha ambazo, tulipozigawa kwa siku za kazi, hazikutosha mkate na chai. Kofia hiyo hiyo tuliikuta mjini kwa bei iliyozidi mara mbili na nusu. Mchuuzi husema kuwa za mashine zimejaa madukani, kwa hiyo washukuru. Ni kweli zimejaa, na masikini avae ya mashine wala asilaumiwe. Lakini anayeuza ya mkono kwa bei ya mkono, kisha akamlipa mshonaji kwa bei ya mashine, huyo anapunja, na Suratul Mutaffifin haikuwashukia wenye mizani ya nafaka peke yao. Tuliposema hivyo, Bi Mkubwa aliuliza kama sisi wenyewe tulipata kununua kofia kwa mshonaji. Hatukupata.

Deni tulililipa kwa bei ya dukani, kwa mafungu matatu, kwani mshahara wa mwalimu wa madrasa mwaujua. Mama yake alitaka kurudisha ziada, tukakataa. Bati limezibwa. Wasichana sasa hushona wakingoja zamu, na wavulana wawili nao wameomba kufundishwa. Wenzao walipowacheka tuliwaambia kwamba huko pwani si ajabu kumkuta mwanamume kibarazani na sindano yake.

Binti alirudi baada ya Idi. Ile kofia aliifua kwa ndimu na kuianika juani mara nyingi, lakini kutu haikutoka yote. Aliimaliza hivyo hivyo, akampa mdogo wake, ambaye tumempokea darasa la juzuu amma. Hukaa safu ya mbele, na doa liko juu ya sikio la kushoto.