Nati ikilegea, ndege inashuka daraja

UNAMJUA yule beki anayemsahau mtu wake dakika ya 90? Kwenye ndege za kujiundia nyumbani, beki huyo ni kiungo cha mota ya flapu.

Tuchukue ndege za RV za kampuni ya Van's Aircraft ya Oregon, Marekani. Zaidi ya 10,000 zimeshajengwa na kuruka, nyingi zimeundwa gereji na wenyewe. Mota ya umeme inasukuma fimbo ya skrubu, fimbo inashusha flapu zote mbili, vile vipande vya nyuma ya mabawa, ili ndege itue polepole.

Balaa ni mtetemo. Injini inatikisa, fimbo inajifungua kidogo kidogo kwenye kiungo chake. Ikichomoka wakati wa kutua, upepo unazirudisha flapu juu ghafla na ndege inadidimia, ardhi ikiwa hapo chini tu. Hakuna VAR.

Dawa yake bei chee: waya mwembamba wa chuma. Unapitishwa kwenye tundu, unasokotwa, unavutwa upande wa kukaza. Ukivutwa upande wa kulegeza ni kazi bure. Wazoefu huchora na mstari wa rangi juu ya nati, ukikatika wanajua imezunguka. Gundi peke yake? Mimi sipandi.