Plus-que-parfait: jambo lililotangulia jambo lingine

Tuchukue mafungu mawili ya maneno, kama katekista awezavyo kuyaandika katika ripoti anayopeleka misioni:

« Quand le Père est arrivé, le catéchiste a baptisé l'enfant. »

« Quand le Père est arrivé, le catéchiste avait baptisé l'enfant. »

Msomaji wa haraka haoni tofauti kubwa: a hapa, avait pale. Lakini habari zenyewe ni mbalimbali. Fungu la kwanza lasema: Padri alifika, kisha katekista akambatiza mtoto. La pili lasema: Padri alipofika, katekista alikuwa amekwisha kumbatiza. Nasi twajua Sheria ya Eklezia (kanuni 861 ya mwaka 1983): wabatizaji wa kawaida ni askofu, padri na shemasi; katekista aliyewekwa kwa kazi hiyo hubatiza wakati hao hawapo au wamezuiliwa; tena palipo na lazima, kila mtu mwenye nia inayotakiwa aweza kubatiza. Basi fungu la kwanza lamshitaki katekista, la pili lamtetea. Yafaa tujue vema wakati huu wa kitenzi unaoitwa plus-que-parfait.

Jina lake latoka katika Kilatini: plusquamperfectum, maana yake « zaidi ya kilichotimia ». Waseminari wanaosoma Kilatini wanajua baptizaveram, neno moja tu. Kifaransa chataka maneno mawili, na lugha yetu vilevile: nilikuwa nimebatiza. Kwa hiyo, mtu wa Kiswahili si mgeni hapa.

Namna ya kuunda ni hii: tunatwaa kitenzi msaidizi avoir katika imparfait, tunaongeza participe passé. Kwa vitenzi vya kawaida vinavyoishia na -er, tunaondoa -er na kuweka -é. Hivi:

j'avais baptisé: nilikuwa nimebatiza
tu avais baptisé: ulikuwa umebatiza
il avait baptisé: alikuwa amebatiza
nous avions baptisé: tulikuwa tumebatiza
vous aviez baptisé: mlikuwa mmebatiza
ils avaient baptisé: walikuwa wamebatiza

Tuangalie: katika Kiswahili maneno yote mawili yanachukua alama ya nafsi, ni-likuwa ni-mebatiza. Katika Kifaransa neno la kwanza tu linageuka. La pili linakaa vilevile. Vitenzi vya kawaida vya -ir hufuata finir: j'avais fini. Vile vya -re hufuata attendre: j'avais attendu.

Sasa mtego. Kwa kuwa alikuwa peke yake hutafsiriwa kwa était, wanafunzi wengi huandika « le catéchiste était baptisé ». Maana yake si kwamba alikuwa amembatiza mtu. Ni kwamba katekista mwenyewe alikuwa mtu aliyebatizwa! Tena tusichanganye na « le catéchiste baptisait »: hapo alikuwa anabatiza, kazi haijaisha.

Lakini vipo vitenzi vichache vinavyotaka être kweli: arriver, partir, entrer, tomber na vingine vya namna hiyo, pamoja na vile vyenye se. Hapo participe hufuata mtenda: « le Père était arrivé », « les Sœurs étaient arrivées ». Pamoja na avoir haifuati mtenda, bali hufuata mtendwa akitajwa mbele ya kitenzi: « la fille qu'il avait baptisée ».

Tutaitumia wakati gani? Wengine hudhani ni kwa mambo ya zamani sana. Sivyo. Twasema « Jésus est né à Bethléem », ijapo imepita miaka karibu elfu mbili, kwani hatulipimi jambo hilo na jingine la zamani. Lakini mtoto aliyebatizwa dakika tano tu kabla ya Padri kufika anataka plus-que-parfait. Urefu wa siku si kitu. Utaratibu wa mambo ndio kitu. Sharti yawe mawili yaliyopita, moja likiwa limekwisha kabla ya jingine. Tujiulize kwa lugha yetu: je, naweza kusema « alikuwa amekwisha »? Nikiweza, mara nyingi ni plus-que-parfait, nami naweza kuongeza déjà: « il avait déjà baptisé l'enfant ».

Mwisho, tukumbuke mahali maneno yetu yanapokwenda. Ubatizo haurudiwi kamwe (kanuni 845). Na kama mashaka yanabaki baada ya kuchunguza vema, hutolewa kwa sharti tu (kanuni 869). Mtoto yule atakua, ataomba Kipaimara au Ndoa, pengine katika parokia nyingine. Padri asiyejua kijiji chake atafungua karatasi za zamani ili ajue nani alimbatiza, na lini. Labda katekista amekwisha kufariki, na wazazi pia. Atakayebaki kuwa shahidi ni kitenzi kile tulichoandika. Basi tukiandike sawasawa.