Kuumba Kulianzia kwenye Udongo

Mwanafunzi wa Jericho anaposema kwamba Mungu aliumba dunia, hutamka neno la wafinyanzi bila kujua. Waganda huita kazi ya kufinyanga vyombo kubumba, na Wazulu husema bumba. Wanaisimu huyarejesha maneno haya, pamoja na umba letu, kwenye mzizi mmoja wa Kibantu cha kale uliohusu ufinyanzi.

Kazi yenyewe haihitaji gurudumu. Mfinyanzi huviringisha kamba ya udongo, akaizungusha juu ya kitako cha chungu, akaongeza nyingine, kisha akalainisha maungio. Wajapani wa enzi ya Jomon na Wapueblo wa Marekani walifanya vivyo hivyo. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, alijifunza kufinyanga kwa mkono nchini Nigeria, na vyungu vyake vimeingia katika makumbusho makubwa ya dunia.

Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Ujira wake ni haba. Hata hivyo, Muumba tunamwita kwa kitenzi cha huyo huyo mfinyanzi. Walimu wenzangu, tusiwape watoto neno tukawanyima udongo. Aliyeona chungu kikipasuka kwenye maungio hahitaji kukaririshwa kwa nini insha yenye aya zisizoshikana haisimami.