Pointi moja na nusu: haki au upendeleo?

Tangu mwaka wa masomo 1990/91, Chuo Kikuu cha Makerere nchini Uganda kilianza kumwongezea kila msichana aliyeomba kuingia pointi 1.5 juu ya alama zake. Wakati ule wasichana walikuwa karibu robo tu ya wanafunzi. Katika miaka ya 2000 walikaribia nusu. Hapa Ibanda, tukilitaja jambo hilo darasani, ubishi huanza papo hapo. Nataka kueleza tunachobishania hasa.

Wanaopinga husema: mtihani ni mmoja, saa ni zile zile, alama ni alama. Mvulana aliyekosa nafasi kwa ajili ya pointi hizo hakumdhulumu msichana yeyote. Kwa nini alipe deni la wazee? Tena msichana aliyefaulu kwa jasho lake atashukiwa kuwa alibebwa.

Wanaotetea hujibu: mtihani ni mmoja, lakini njia ya kuufikia si moja. Mimi na dada yangu tulifanya mtihani wa serikali mwaka mmoja. Nilipata asilimia 64, yeye 57. Kila alfajiri alibeba bidoni za maji, jioni alipika; mimi nilikuwa kwenye daftari.

Pande zote mbili hudai haki. Lakini katika Kiswahili haki ni kile mtu anachostahili, na haki ni pia uadilifu. Wa kwanza huuliza: nani anastahili nafasi kwa alama hizi? Wa pili huuliza: je, alama hizi zilipatikana kwa uadilifu? Ni maswali mawili, ndiyo maana hatusikilizani.

Kuna pingamizi la tatu, nalo ni zito. Pointi humfaa aliyemaliza sekondari. Aliyeachishwa shule ya msingi hapati kitu, na binti wa tajiri anaongezewa. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 14, inaitaka serikali iondoe ubaguzi dhidi ya wanawake. Ubaguzi huo hauanzii mlangoni pa chuo.

Nilimwuliza dada yangu kama angezipokea pointi hizo. Akasema: «Ningezipokea, kaka. Lakini ningependa zaidi ungebeba bidoni siku tatu kwa juma.»

Mimi natetea pointi. Ila tukiziongeza chuoni na kuacha bidoni kichwani pa yule yule, tutaziongeza milele.